LiteBeam 5AC Gen2 juu ya mapaa ya Dar es Salaam: kifaa kizuri kinachobebeshwa makosa ya ufungaji

Panda juu ya ghorofa yoyote Sinza, Mwenge au Kijitonyama utazame mapaa. Utaviona visahani vidogo vya Ubiquiti vimefungwa kwenye mabomba ya chuma, vingine vimenyooka, vingine vimeinama kama vimechoka. Wengi wanaolipia intaneti ya antena mjini wanaipata kupitia kifaa cha aina hii, na wengi wao wana lawama zilezile: usiku inakwama, mvua ikinyesha inakata, fundi akija anasema tatizo ni antena.

LiteBeam 5AC Gen2, kimojawapo cha visahani hivyo, ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Ina mipaka, na tutaisema bila kuficha. Lakini lawama nyingi zinazoiangukia zinatokana na hesabu ambazo hazikufanywa kabla ya kupanda juu, na vipimo ambavyo havikufanywa kabla ya kushuka.

Kwanza sifa zake. Inafanya kazi katika masafa ya 5 GHz, sahani inaongeza nguvu ya mawimbi kwa dBi 23 (ni desibeli, kipimo cha nguvu kuongezeka au kupungua), mlango wa kebo ni wa gigabiti, na umeme wake ni volti 24 za PoE, yaani umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, ya aina ya "passive" ambayo haifanyi mazungumzo na swichi. Inakula wati 7 ikizidiwa sana. Ndani kuna redio ya pili, ndogo, ya 2.4 GHz, ambayo kazi yake ni moja tu: kumwezesha fundi kuingia kwenye mipangilio kwa simu akiwa juu ya paa, kupitia anwani 192.168.172.1, bila kupanda na kompyuta. Hilo peke yake linaokoa muda mwingi na ngazi nyingi. Ukipitia kebo, anwani ya kuanzia ni 192.168.1.20.

Tahadhari moja mapema: usiichomeke kwenye swichi ya volti 48 ukidhani PoE zote ni ndugu. Tumia adapta yake ya volti 24 iliyokuja kwenye boksi.

Sasa hesabu. Tuseme kituo kiko juu ya jengo refu Mwenge, antena ya sekta (inayohudumia wateja wengi wa upande mmoja) iko mita 35 kutoka ardhini, na mteja yuko Sinza umbali wa kilomita 2, LiteBeam iko kwenye bomba mita 7 kutoka ardhini. Kwenye 5.5 GHz, mawimbi yakisafiri kilomita 2 hewani yanapoteza desibeli 113. Kituo kikirusha jumla ya dBm 36 (nguvu ya redio pamoja na antena), LiteBeam ikaongeza 23, mteja anatakiwa kuona takriban -54 dBm (hicho ni kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba hasi ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa zaidi). Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla hujatoka ofisini. Ndiyo itakayokuambia ukweli ukiwa juu ya paa. Ukipata -55 au -56, kazi imekaa sawa. Ukipata -66, kuna desibeli 12 zimemezwa mahali, na usishuke hadi ujue zimekwenda wapi. Fundi asiye na namba ya kutarajia ataiona -66, ataona intaneti inafunguka, atakunja ngazi na kuondoka. Huyo mteja ndiye atakayepiga simu kila wiki.

Desibeli hizo huwa zimemezwa na kitu kilicho karibu na mteja. Mawimbi hayasafiri kama uzi, yanahitaji nafasi yenye umbo la muwa mnene pande zote za mstari wa kuonana, ile inayoitwa eneo la Fresnel. Katikati ya njia yetu ya kilomita 2, nusu kipenyo cha eneo hilo ni mita 5 na kidogo, na kanuni ya kazi ni kuacha wazi angalau asilimia 60 yake, yaani mita 3 hivi. Katikati hapo mstari uko juu mita 21, kwa hiyo nyumba za kawaida hazigusi kitu. Shida iko mita 100 kutoka kwa mteja. Hapo mstari umeshashuka hadi mita 8.4, na nafasi inayotakiwa chini yake ni mita 1.4. Mwembe wa jirani wenye urefu wa mita 8 umeshaingia ndani. Ukiwa juu ya paa utaona jengo la Mwenge kwa macho yako, waziwazi, juu kidogo ya majani, na utaapa kwamba njia iko wazi. Jicho linatosheka na mstari mwembamba, 5 GHz haitosheki nao. Mti mmoja uliojaa majani unaweza kula desibeli 10 hadi 20, na majani yakilowa unakula zaidi.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mfano huu, kuinua LiteBeam mita 1.1 tu kunatosha kuupita mwembe huo. Lakini mwembe unakua, kwa hiyo ongeza mita 2 na bomba lenye unene wa kutosha, inchi moja na nusu kwenda juu, lililofungwa sehemu mbili kwenye ukuta. Bomba jembamba la inchi moja linayumba na upepo wa kusi, na sahani hii ina mwale wa takriban nyuzi 12 tu.

Programu ya Ubiquiti ya kupangia njia ni ya bure na inafaa, ila inachora umbo la ardhi. Haijui ghorofa lililopanda mwaka jana pale Kijitonyama, wala mwembe wa jirani. Dar es Salaam sehemu kubwa ni tambarare, hivyo karibu kila njia itaonekana ya kijani kwenye skrini. Chukua kijani hicho kuwa ruhusa ya kwenda kupima, basi. Panda juu na darubini ndogo, piga picha kuelekea kituo, na uangalie hasa mita 200 za kwanza kutoka kwa mteja.

Kuelekeza sahani nako kuna mtego. Ukiizungusha pole pole kulia na kushoto, nguvu itapanda, itashuka, kisha itapanda tena kidogo. Vilima vidogo vya pembeni ni matawi ya pembeni ya mawimbi, na fundi mwenye haraka hukaza boliti akiwa kwenye tawi, akafurahia -66. Vuka kilele kwa makusudi pande zote mbili, rudi katikati, ndipo ukaze. Fanya hivyo hivyo juu na chini, maana kituo kikiwa juu sana na mteja yuko karibu, sahani inatakiwa itazame juu kidogo. Halafu tazama namba za mikondo miwili ya redio ya 5 GHz (chain 0 na chain 1), mmoja mmoja. Zikipishana kwa zaidi ya desibeli 3, ama uko kwenye tawi, ama kuna kizuizi, ama kifaa kina hitilafu. Ukishakaza, soma tena. Mara nyingi kukaza boliti ya mwisho kunaivuta sahani nyuzi mbili tatu, na hapo ndipo kazi nzuri inapoharibikia.

Nguvu ya mawimbi ni nusu ya habari. Mjini, nusu nyingine ni kelele, na hapa ndipo LiteBeam inapoonyesha mpaka wake. Sahani yake ni ndogo na haina kikinga cha pembeni. Inasikia vizuri mbele, lakini inasikia pia redio za watoa huduma wengine walio upande na nyuma. Mahali patulivu, chaneli ya 40 MHz ina kelele ya takriban -92 dBm, na mteja wetu wa -54 ana tofauti ya desibeli 38, raha tupu, anapata modulesheni (namna ya kupakia data kwenye mawimbi) ya juu ya 256QAM. Kelele ikipanda hadi -82, jambo la kawaida juu ya mapaa ya Sinza usiku, tofauti inabaki 28 na modulesheni inashuka. Nguvu ni ileile -54, picha ya skrini ni ileile, ila mteja anapata kasi ndogo. Ndiyo maana kuuliza "una ngapi?" bila kuuliza kelele ni ngapi hakumsaidii mtu.

Kwa hiyo fungua airView, kipimo cha kelele kilichomo ndani ya kifaa, na ukitazame pande zote mbili. Upande wa kituo ni muhimu zaidi: antena ya sekta iliyo mita 35 juu inasikia mji mzima, na mara nyingi kasi ya kupandisha ndiyo inayokufa kwanza huku ya kushusha ikionekana nzima. Usipime saa 4 asubuhi watu wakiwa kazini. Pima kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wakati kila nyumba inatazama video.

Kisha kubali chaneli nyembamba. Watu wanapenda 80 MHz kwa sababu namba kwenye skrini inakuwa kubwa. Kila ukiongeza upana mara mbili unakaribisha kelele desibeli 3 zaidi, na unaongeza uwezekano wa kumkanyaga jirani. Kutoka 80 kwenda 20 unarudisha desibeli 6. Kwa kituo cha mjini chenye wateja wengi, 20 au 30 MHz safi ni bora kuliko 40 yenye vita. Na kama kituo kina sekta nne juu ya paa moja, zipangie chaneli na nafasi kati ya milingoti kabla ya kufunga, maana sekta zinazopeana migongo bila mpango zinaumizana zenyewe kuliko jirani anavyoziumiza.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye kituo angeibandika ukutani. Mfumo wa airMAX unagawa hewa kwa zamu: kila mteja anapewa muda wake. Mteja wa 256QAM yenye robo tatu ya biti za data anabeba mara sita ya anachobeba mteja wa QPSK, modulesheni ya chini, yenye nusu, kwa muda uleule. Maana yake, mteja mmoja aliyefungwa vibaya nyuma ya mwembe, akishusha faili lilelile, anakula zamu za watu sita. Wateja 30 wa sekta hiyo wanalipia mti mmoja. Ndiyo sababu tunasisitiza -66 isikubaliwe pale inapotarajiwa -54, hata kama mteja mwenyewe hajalalamika. Hasara wanaipata majirani zake.

Kuhusu idadi ya wateja: usigawe kwa kasi ya vifurushi, gawa kwa matumizi ya saa ya msongamano. Sekta ikipimwa na kutoa 120 Mbps za kweli usiku, na ukapanga 3 Mbps kwa kila nyumba saa hiyo, una nafasi ya nyumba 40. Anzia hapo, soma grafu zako za kila wiki, na simamisha kuuza sekta ikifika asilimia 80. Sekta iliyojaa haina dawa ya antena.

Vipimo vya kukabidhi kazi havichukui zaidi ya dakika 20. Kipimo cha kasi kilichomo ndani ya redio tumia kwa kulinganisha tu, maana kinategemea prosesa ya kifaa chenyewe. Chomeka kompyuta kwa kebo nyuma ya LiteBeam, weka nyingine kituoni, na endesha programu ya kupima kasi, `iperf3 -c anwani -t 60 -P 4`, kisha rudia na `-R` kwa upande wa pili. Sekunde kumi hazitoshi, hitilafu ya bomba linaloyumba huonekana baada ya dakika. Wakati iperf3 inaendelea, fungua dirisha la pili na piga ping kwenda kituoni. Njia ikiwa tupu utaona milisekunde chache. Ikiwa imejaa na ping inabaki chini ya 30, mteja atapiga simu ya video vizuri hata mtoto akishusha mchezo. Ikipaa hadi 300, foleni inajaa mahali, na dawa yake ni kudhibiti kasi ya mteja kwenye rauta kuu kwa foleni ya fq_codel au CAKE, ambazo zote zipo kwenye RouterOS, programu ya rauta za MikroTik, toleo la 7. Huo mpangilio mdogo unaleta tofauti ambayo mteja anaihisi kuliko kumwongezea megabiti kumi.

Kama unatumia PPPoE (mteja kuingia mtandaoni kwa jina na nywila), hakikisha paketi kubwa zinapita: `ping -M do -s 1464` kwenye Linux, au `ping -f -l 1464` kwenye Windows. Ikikataa, kuna tovuti zitakazofunguka nusu nusu na hakuna atakayejua kwa nini. Simu ya mteja na Wi-Fi yake zipime mwisho kabisa, ili matatizo ya ndani ya nyumba yasije yakaandikwa kwenye hesabu ya antena.

Turudi kwenye lawama kubwa: mvua. Kwenye 5 GHz, mvua kubwa ya milimita 100 kwa saa inapunguza desibeli moja hivi kwa kilomita, au pungufu. Mteja mwenye akiba ya desibeli 20 hawezi kukatwa na hiyo. Mambo ni tofauti kwenye 60 GHz, ambako oksijeni peke yake inakula desibeli 15 kwa kilomita na mvua kama hiyo inaongeza karibu 30, ndiyo maana redio za 60 GHz zina raha katika mita mia chache na si zaidi katika msimu wa masika. Lakini LiteBeam si 60 GHz. Mvua ikiikata, tafuta maji.

Fungua kifuniko cha plastiki nyuma, chomoa kichwa cha RJ45, kitazame juani. Kile chenye tatizo kina uchafu wa kijani kwenye pini ya 4 na ya 5, wakati ya 1 na ya 2 bado zinang'aa. Hizo mbili ndizo zinazobeba chanya ya umeme wa PoE, na umeme ukipita penye maji ya chumvi unaila shaba. Kifaa hakizimi mara moja. Kwanza muunganisho wa kebo unashuka kutoka gigabiti hadi 100 Mbps, kwa sababu gigabiti inahitaji jozi zote nne na mbili kati yake ndizo zenye umeme. Hiyo ni dalili ya bure inayoonekana ukiwa ofisini: pitia orodha ya wateja, kila LiteBeam inayoonyesha 100 badala ya 1000, na rauta ya mteja si ya zamani, ipangie ziara kabla ya masika.

Kuizuia si kazi. Kebo ya nje yenye shaba kamili, si alumini iliyopakwa shaba. Ile ya alumini kwa mita 30 au 40 inapeleka umeme wa kutosha, volti zinazopotea hazifiki 2, lakini inakatika na kuoza pale kwenye kichwa, hasa karibu na bahari. Acha kebo ishuke chini ya kifaa na kupinda kama herufi U kabla ya kupanda ukutani, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata kebo hadi kwenye mlango. Funga kifuniko hadi kilie. Boliti na mikanda iwe ya chuma kisichoshika kutu kama uko Kigamboni, Masaki au popote chumvi inapofika. Kizuia radi kiwe mahali kebo inapoingia ndani, kiunganishwe na waya wa ardhi wa kweli. Kizuia radi kisicho na waya wa ardhi hakimlindi mtu yeyote.

Umeme ukikatika, wati 7 ni baraka. LiteBeam na rauta ndogo ni wati 16 hivi kwa jumla. Betri ya volti 12 yenye Ah 7, ukiitumia nusu ili isife mapema, inatoa saa mbili na nusu. Kumbuka kwamba rauta na redio hazitumii volti sawa, na kibadilishi cha kupandisha 12 hadi 24 kiwe cha kuaminika. Kibovu kinaifanya redio ijizime na kujiwasha, na mtu anaanza tena kulaumu mawimbi.

Suala la usalama tulipitie haraka. Mwezi Mei 2016 kirusi kilisambaa kwenye vifaa vya Ubiquiti vinavyotumia programu ya airOS duniani, miezi kadhaa baada ya marekebisho yake kutolewa mwaka 2015. Sasisha programu ya kifaa kabla ya kukipandisha, weka nywila tofauti, na mipangilio isifikike kutoka intaneti. Redio ya 2.4 GHz ya mafundi nayo iwekewe ijizime baada ya kazi. Na mwenye kuuza huduma awe na leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na nguvu ya kurusha ibaki ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, maana kila anayezidisha anampandishia kelele kila mtu.

Nani asinunue LiteBeam 5AC Gen2? Mteja aliye mita 300 kutoka kituoni, kwa hesabu ileile, ataona -38, nguvu inayozidi na kumziba mpokeaji. Huyo mpe NanoStation 5AC Loco ya dBi 13, au shusha nguvu ya kituo kama kituo kizima kina wateja wa karibu. Mteja wa kilomita 5 au zaidi mjini, au aliyezungukwa na minara ya wengine, aende PowerBeam 5AC Gen2 yenye sahani ya milimita 420 na dBi 25, mwale wake ni mwembamba zaidi. Ofisi inayotaka megabiti mia tatu za uhakika mchana na usiku isifungiwe kwenye sekta ya pamoja hata kidogo, ipewe njia yake peke yake au faiba.

Kwa nyumba na maduka yaliyo kati ya mita 500 na kilomita 3 kutoka kituoni, yanayokiona kituo kwa nafasi ya kutosha na si kwa mstari tu, hiki ndicho kifaa tungekichagua kwanza kwa bei yake. Nunua na kizuia radi chake, mita za kutosha za kebo ya shaba, na bomba refu kwa mita mbili kuliko unavyodhani unahitaji.